Baridi Nyuma ya Michongoma

Keki ya kuniaga iliandikwa "Hongera kwa kustaafu." Aliyeiagiza alikosa neno lingine, na mwokaji wa Mafinga hakuuliza maswali. Basi nimestaafu, kabla sijafikisha miaka arobaini, nikiwa na meno yangu yote na pikipiki ambayo haiwaki asubuhi mpaka isukumwe. Ukweli ni kwamba mama yangu kule Tukuyu hawezi tena kushuka na kupanda mteremko wa migomba yake, na nimeamua kurudi nikashuke na kupanda kwa niaba yake. Lakini keki nimeila, kwa hiyo nalazimika kufanya wafanyavyo wastaafu: kuandika niliyoyaona, kwa ajili yenu mnaobaki na buti za mpira mlangoni.

Habari za vyeo sitaandika. Vyangu vinaenea nyuma ya kiberiti, na nafasi inabaki.

Mmekuwa mkiniuliza ni ugonjwa gani ulionisumbua kuliko yote, mkitarajia nitaje mnyauko wa migomba au kantangaze wa nyanya. Kilichonisumbua kuliko vyote hakikuwa ugonjwa wala mdudu. Kilikuwa baridi, katika shamba moja la maparachichi huko Mufindi. Mwenye shamba alikuwa mgane, Mzee Kalolo, na kama baridi ile ingeshinda msimu mmoja zaidi, angeiacha ardhi alipomzika mke wake na kwenda kuishi chumba cha nyuma mjini. Nitafika huko. Ila sitaeleweka nisipoanzia nilikoanzia, yaani Mbeya, kwenye viazi.

Nilitoka chuo na shahada ya kilimo na mazoea ya kumuuliza kila mtu, "Umejuaje?" Niliwauliza wahadhiri, nikamuuliza mchungaji, nikamuuliza daktari aliyenipasua kidole tumbo. Kituo changu cha kwanza kilikuwa Uporoto, juu kabisa, ambako mawingu hupita chini ya nyumba. Bwana shamba niliyewekwa chini yake aliitwa Mzee Sanga, Mkinga mfupi mwenye koti la mvua lililokwisha kusahau mvua. Shingoni alivaa lenzi ndogo ya kukagulia wadudu, imefungwa kwa kamba ya kiatu. Siku ya kwanza tulikwenda kwenye shamba la viazi lililopigwa na mvua ya mawe jana yake. Majani yalikuwa yamechanika kama gazeti lililotafunwa na ndama. Mwenye shamba, mama mmoja, alisimama katikati, mikono nyuma.

Mimi nikaanza kueleza mawe yanavyotokea mawinguni. Mzee Sanga akaniacha niseme, kisha akamgeukia yule mama.

"Watoto hawajambo?"

"Hawajambo, bwana shamba."

"Na yule mwenye kikohozi?"

"Amepona."

"Na bati la jikoni?"

"Limetoboka," mama akasema, na hapo ndipo alipoanza kulia.

Tuliporudi barabarani nilimuuliza amejuaje kwamba bati limetoboka. "Sikujua," akasema. "Nilijua ana jiko. Wewe ulimpa mawingu, na mawingu ameshayaona."

Nisiwadanganye, hakuwa malaika wala nabii. Aliamini kwamba viazi vikipandwa mwezi ukiwa mchanga huzaa zaidi. Nilipanda matuta mawili nyuma ya ofisi kwa nyakati mbili ili nimwonyeshe. Yakazaa sawasawa. Akatazama, akasema mwezi wa mwaka ule ulikuwa mbovu. Tulibishana hivyo mwaka mzima, na sijawahi kufurahia kazi kama mwaka ule.

Kitu kimoja alichonifundisha sikuweza kukipinga, ingawa nilijaribu. Akifika shambani hakukimbilia mmea uliokufa. Alikwenda kwanza kwenye mmea mzima ulio karibu zaidi na ule uliokufa, akachuchumaa hapo na kukaa. "Usiniambie huyu amekufa kwa nini," alikuwa akisema. "Niambie jirani yake amepona kwa nini." Nikamwambia huo ni msemo tu, si mbinu. Akasema, "Basi nenda kawaulize wafu, uone kama watakujibu upesi."

Kutoka Uporoto nilihamishiwa Ilula, kwenye nyanya zinazouzwa kando ya barabara kuu. Huko adui alikuwa kantangaze, kiwavi mdogo anayeingia ndani ya jani na kulila katikati, ngozi ya juu ikabaki kama dirisha. Dawa inapita juu, yeye yuko ndani anakula. Nilishinda nikiwaeleza watu wafukie mabaki ya mavuno na wasipige dawa ile ile kila wiki. Mama mmoja muuza nyanya, ndoo kichwani, akanikatiza mbele ya wenzake: "Dada, huyu mdudu amesoma kama wewe. Haambiliki." Walicheka mpaka basi la abiria likasimama kuona kuna nini, na wakauza ndoo zote. Nilijifunza kwamba kuchekwa pia ni huduma ya ugani.

Kisha nikaja Mufindi.

Wengine wenu mmezaliwa mabonde ya joto, kwa hiyo niwaeleze. Juni na Julai, anga likiwa safi na upepo umelala, umande huganda juu ya majani kabla ya jua kutoka. Asubuhi nyasi ni nyeupe kama zimemwagiwa unga. Jua likipiga, weupe unayeyuka, na hadi jioni majani yamekuwa ya kahawia, makavu, kama yamepitishwa juu ya moto. Mtu asiyejua atasema shamba limechomwa. Anayejua atasema vivyo hivyo, kwa sababu hakuna neno lingine la kueleza baridi inavyounguza.

Mara ya kwanza kufika kwa Mzee Kalolo ilikuwa asubuhi kama hiyo. Nyumba yake iko juu ya mteremko. Nyuma ya nyumba ni kaburi la mkewe, lenye msalaba wa saruji na maua ya njano. Kutoka hapo shamba linateremka taratibu, miparachichi mistari kwa mistari, mpaka kwenye uzio mnene wa michongoma, ile miiba mirefu mnayoijua, uliompita mtu kimo. Nje ya uzio ardhi inaendelea kushuka hadi kijito, na kando ya kijito kuna vinyungu, bustani za bondeni ambazo watu wa Iringa hulima wakati wa kiangazi.

"Kamwene," nikamsalimu kwa Kihehe. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kamwene, bibi shamba. Umekuja kuona wagonjwa au kuzika?"

Mistari ya juu ilikuwa mizima. Ya kati ilikuwa na majani yaliyokaushwa ncha. Ya chini yote, ile iliyoukaribia uzio, ilikuwa imeungua mpaka kwenye matawi. Mti mmoja tu kule chini ulikuwa hai, umefunikwa blanketi zito la kijivu lenye mstari mwekundu, limefungwa kiunoni kwa kamba ya katani.

"Hilo blanketi?"

"La Mama Zawadi," akasema. Alikuwa na maana ya marehemu mkewe. "Majirani wanasema anasikia baridi, ndiyo maana anatuletea. Mimi Mlutheri, siamini mambo hayo. Ila blanketi lilikuwapo."

"Mti umepona kwa sababu blanketi linazuia joto la ardhi lisipotee."

"Umejuaje?" akauliza.

Niligeuka nimtazame vizuri. Katika kazi yangu yote sikuwa nimeulizwa swali hilo na mkulima hata mmoja. Nikajua tutaelewana, au tutagombana, na yote mawili yakatokea.

Binti yake, Zawadi, ni fundi cherehani Mafinga. Alikuja Jumamosi ile na sufuria la maharage na sura ya mtu aliyekwisha kuamua. Akanivuta pembeni, karibu na zizi tupu.

"Bibi shamba, nakuomba. Mwambie pahali hapa hapafai maparachichi."

"Bado sijajua kama hapafai."

"Yameungua mara tatu mfululizo! Unangoja yaandike barua? Baba anaishi peke yake kwenye baridi hii, anawasha moto wa kuni na kulala kando yake. Kuna mtu wa mjini anataka kukodi shamba apande milingoti ya mbao. Mimi nina chumba cha nyuma, nimeshakipaka rangi. Mimi hanisikilizi. Wewe una vyeti, atakusikiliza."

Hakuwa mtu mbaya. Chumba alikuwa amekipaka rangi kweli, na baadaye aliniambia alichagua ya kijani ili baba yake asikose majani. Jambo lenyewe ndilo lililonishinda. Nilikuwa na sentensi moja, "Eneo halifai kwa zao hili," fupi, ya kitaalamu, ambayo hakuna bosi angeihoji. Ningeisema, na mzee angefunga nyumba. Na ilielekea kuwa kweli. Bonde, mwinuko, anga wazi: vyote vilikuwa upande wa Zawadi.

Lakini sikuwa nimejua. Nilikuwa nakisia kwa lugha nzuri tu.

Nikawaambia wote wawili wanipe msimu mmoja wa baridi. Zawadi akamtazama baba yake. "Yakifa tena?"

Mzee alichezea kofia yake. "Yakifa tena nitakuja Mafinga," akasema. "Nikisema nimesema."

Zawadi akashusha pumzi, akatupakulia maharage. Kuanzia siku hiyo sikulala vizuri Juni, na silali mpaka leo.

Kwa faida yenu, haya ndiyo tuliyofanya. Matawi yaliyoungua hatukuyakata. Watu hukimbilia kukata, kumbe tawi lililokauka bado linalikinga lililo chini yake, na huwezi kujua uhai umeishia wapi mpaka machipukizi yatokee. Tukangoja, tukakata baada ya mvua za kwanza, na mingi ya mistari ya chini ikachipua tena kutoka kwenye shina. Ilipokaribia baridi tuliondoa nyasi kavu tulizotandaza kuzunguka mashina. Najua, sote tunafundisha kutandaza nyasi. Nyasi huweka unyevu, ila wakati wa baridi kali huzuia joto la mchana lisiingie ardhini, na usiku ardhi inakosa cha kurudisha. Mzee Kalolo aliniuliza nimejuaje. Nikamwonyesha kwa vipimajoto viwili vilivyotundikwa kwenye miti miwili, mmoja wenye nyasi na mwingine usio nazo. Alivisoma mwenyewe. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepunjwa na rafiki.

Yote hayo yalisaidia kidogo. Baridi ilipoanza, kila asubuhi vipimajoto tulivyotundika chini vilionyesha baridi kali kuliko vya juu, kwa tofauti ambayo mteremko mfupi kama ule haukustahili. Niliangalia udongo, nikaangalia mizizi kwa ukungu, nikaangalia miche imetoka kitalu gani. Hakuna kitu. Nilimpigia simu Mzee Sanga, ambaye wakati huo alikwisha kustaafu kwa umri halali. Nikamweleza yote.

"Umeongea na wafu wengi," akasema. "Aliye mzima jirani yao ni nani?"

"Blanketi," nikasema kwa hasira.

"Nje ya shamba, binti. Teremka chini."

Nilikata simu nikiwa nimeudhika. Kesho yake nilipitia nje, nikauzunguka uzio, nikateremka hadi kwenye vinyungu. Jirani wa bondeni, Mama Neema, alikuwa anamwagilia kabichi. Hatua chache tu nyuma ya michongoma, chini kuliko mistari yote iliyoungua, maharage yake yalikuwa ya kijani kabisa.

"Mama, baridi haikufika huku?"

"Inafika, lakini haikai." Akacheka. "Labda inaniogopa."

Baridi hukaa chini, hilo kila mtu analijua. Hapa aliyekuwa chini kabisa ndiye aliyekuwa mzima. Ningeweza kusema unyevu wa kijito ndio uliomwokoa, na huenda ulichangia. Lakini kwenye mteremko mmoja baridi ilikuwa inasimama katikati ya safari. Kwa nini isimame hapo?

Jibu lilikuja kwa moshi. Alfajiri ya Jumamosi iliyofuata, Mzee Kalolo aliwasha lundo la majani mabichi na maganda ya mahindi katikati ya shamba, kama wafanyavyo wengi kuipa miti joto. Zawadi alikuwa amelala kwa baba yake, akaja na vikombe vya chai ya tangawizi. Upepo haukuwapo kabisa. Moshi haukupanda. Ulitoka kwenye lundo, ukalala juu ya nyasi, ukaanza kuteremka kati ya mistari, polepole, ukipita huku na huku kwenye mashina. Ukafika kwenye michongoma ukasimama. Ukajaa. Ukatanda kushoto na kulia, ukapanda juu ya magoti ya miti ya chini, na pale ukatulia kama maji yaliyozibwa kwenye lambo.

Tulisimama watatu tukiutazama. Chai yangu ilipoa.

"Mzee," nikasema, "huu uzio ni wa siku nyingi?"

"Aliupanda Mama Zawadi tulipohamia. Kwa mbegu, mmoja mmoja."

"Na miparachichi mlipanda lini?"

"Alikuwapo bado. Yeye ndiye aliyeshika miche, mimi nilichimba."

"Miaka ile ya mwanzo iliungua?"

Akafikiri. "Hapana. Ilianza baada ya yeye."

"Uzio ulikuwa hivi hivi? Mnene hivi, mpaka mwisho?"

Alinyoosha kidole mahali pa chini kabisa, pale moshi ulipokuwa mzito. "Pale kulikuwa na upenyo. Wa kupita mtu na ndoo na kikapu. Nikauziba kwa michongoma, na matawi makavu mpaka ikashika."

"Kwa nini?"

"Mbuzi."

"Mbuzi gani, Baba?" Zawadi akauliza.

"Mbuzi wa watu."

"Kijiji kizima mbuzi wamefungwa. Mama Neema ana kuku wawili, mmoja kilema."

Nilidhani watacheka. Mzee aliinama, akachukua kijiti, akaanza kuchokoa majivu yasiyohitaji kuchokolewa. Aliposema, alisema na moto, si na sisi.

"Alikuwa anapita pale kila asubuhi kwenda kinyunguni. Mimi nakaa pale juu mlangoni, nakunywa uji, namwona anatoka, halafu namwona anarudi na mboga. Alipoondoka, upenyo ukabaki. Kila nikikaa na uji macho yanakwenda pale. Ukiwa na upenyo, macho yanangoja mtu. Nikaona bora pawe ukuta."

Zawadi aliweka kikombe chini kwenye nyasi, kikaanguka, hakukiokota.

Hapo ilinibidi niwaeleze. Niliwaambia hewa ya baridi ni nzito kuliko ya joto, kwamba usiku inateremka kama maji yanavyoteremka, na kwamba uzio mnene uliokatiza mteremko ni ukuta wa lambo. Kulipokuwa na upenyo, baridi ilipita na kwenda zake kijitoni. Ulipozibwa ilijaa, na mistari ya chini ikazama ndani yake.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiua," akasema.

"Baridi ndiyo iliyoiua, mzee."

"Umejuaje?"

Safari hii hakuuliza kwa ubishi. Nikamjibu kama ambavyo ningependa nijibiwe: "Sijui bado. Nadhani. Tukiufungua tutajua."

Alitikisa kichwa. "Siwezi." Akageuka, akapanda mteremko pole pole, akaingia ndani na kufunga mlango bila kuupiga.

Nilibaki na Zawadi na ule moshi. Fikirieni alivyokuwa amesimama. Hakuhitaji kufanya lolote. Angeacha tu uzio ulivyo, baridi ingemaliza kazi ndani ya wiki chache, na baba yake, mtu wa kutimiza neno, angekuja kwenye chumba cha kijani. Aliutazama uzio muda mrefu.

"Nataka aje kwangu," akasema. "Lakini siyo aje kwa kushindwa na mama."

Sikuelewa vizuri, na safari hii sikuomba ufafanuzi. Niliondoka. Siwezi kumwamuru mtu afungue upenyo wa namna ile. Huduma za ugani hazina fomu yake.

Katikati ya wiki nilipita kwa visingizio, nikisema nimekuja kusoma vipimajoto. Kutoka barabarani nikasikia panga. Walikuwa kule chini wote wawili. Zawadi alikuwa ameshona glavu kwa turubai la lori, mishono miwili miwili, jozi mbili, na zilikuwa zimewafika mpaka viwikoni. Mzee alikuwa anakata, yeye anavuta matawi. Alikuwa akimkemea baba yake kwa jinsi anavyoshika panga, na baba yake alikuwa akimwambia kwamba panga lile ni kubwa kwake kwa umri.

"Bibi shamba," mzee akaita, "pawe pana kiasi gani?"

"Mita mbili, mzee. Na mikato isafishwe mpaka chini, hewa inapita chini."

"Yeye alikuwa anapita kwenye moja."

"Yeye hakuwa baridi."

Alisimama na panga mkononi. Kisha akacheka, kicheko kikavu kilichomtoka kama kikohozi, na Zawadi akacheka kwa kumwona anacheka. Nikavaa glavu za akiba, ambazo hazikuwapo, yaani nikachomwa. Bado nina alama.

Baridi kubwa ya mwaka ule ilikuja siku chache baadaye. Nyasi zilikuwa nyeupe hadi barabarani. Nilifika kabla ya jua, vidole vimeganda kwenye usukani, nikamkuta mzee ameshawasha lundo lake. Moshi uliteremka kati ya mistari kama kawaida. Ukafika chini, ukasitasita kama mgeni mlangoni, ukapita. Tulisoma vipimajoto pamoja, yeye akisoma kwa sauti kama somo la kanisani. Chini kulikuwa na baridi kuliko juu, lakini kidogo tu. Majani ya mstari wa mwisho yaliungua ncha. Hakuna tawi lililokufa.

Ilipofika Agosti Zawadi alikuja, akauzunguka kila mti. Halafu akamwambia baba yake kwamba chumba amempangisha mwalimu. Tangu hapo anakuja kila Jumamosi, na analalamika kila Jumamosi.

Sikudai ushindi. Msimu mmoja si ushahidi. Mwaka uliofuata nilimwomba mzee, kwa heshima zote, tuzibe upenyo kwa wiki mbili za Julai ili tulinganishe. Alinitazama hadi nikajisikia mdogo.

"Unataka kuziba upenyo wangu ili wewe ulale usingizi?"

"Ni jaribio tu, mzee."

"Toka shambani kwangu. Kunywa chai kwanza, halafu utoke."

Kwa hiyo sijathibitisha, na ninaondoka bila kuthibitisha. Misimu imepita tangu hapo, mingine ya baridi kali kuliko ile, na mistari ya chini imezaa. Atakayerithi eneo langu atavikuta vipimajoto bado vimetundikwa, na lenzi ya Mzee Sanga, aliyonipa kwa kamba yake ya kiatu, naiacha kwenye droo ya kushoto. Tumieni, ubisheni, ila chuchumaeni kwanza kwa aliye mzima. Mezani kwa Mzee Kalolo msikatae uji.

Nilikwenda kumuaga Juni hii, asubuhi, kwa sababu ndio wakati wake. Blanketi la kijivu lilikuwa mabegani mwake. Zawadi alilifua, akakata sehemu iliyooza kwa kamba, akalipinda upya. Tulikaa mlangoni juu, yeye na kibakuli chake, mimi na changu. Lundo lilikuwa linafuka katikati ya shamba, ingawa nilishamwambia mara nyingi kwamba miti haihitaji tena. Moshi ukateremka, mweupe, mwembamba, ukapita kati ya mistari, ukafika kwenye upenyo, ukainama kidogo mahali ardhi inaposhuka, ukatoka kuelekea kijitoni.

"Huyo," akasema taratibu. "Anakwenda kinyunguni."

Nikafungua mdomo.

"Usianze," akasema, bila kuondoa macho kule chini. "Ni moshi. Najua ni moshi. Kunywa uji."